Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Rafu ya Maziwa ya Kopo

Ndugu wanachama, wenye maduka ya dawa na wauzaji wetu,

Habari za ada, usajili na hesabu mtazisikia kwa katibu na mhazini. Mimi naomba tuzungumzie rafu moja tu, ile ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga.

Mwezi wa nne alikuja dukani kwangu bibi mmoja, mjukuu wa miezi mitatu mgongoni, akitaka kopo la gramu 400. Nilikumbuka nilimuuzia kama lile wiki tatu nyuma. Hesabu hiyo sote tunaijua: mtoto wa umri ule akipimiwa sawasawa, kopo hilo halimalizi wiki. Nikaomba kuiona chupa. Mlikuwa na maji meupemeupe, ukiishika unaviona vidole vyako upande wa pili. Bibi akasema anatia kijiko kimoja mahali pa vinne, lisije likaisha kabla ya mshahara.

Mama wa yule mtoto alikuwa na maziwa ya kutosha. Aliporudi kazini aliona kwenye kaunta yangu kibao cha ofa: nunua makopo mawili, upewe chupa bure. Kibao kile nilikipokea kwa msambazaji na kukitundika kwa mikono yangu. Siku ileile niliwapeleka kliniki. Muuguzi alimsaidia mama kurudisha maziwa, na mtoto ameongezeka uzito. Lakini sijaacha kuumia.

Ofa ile haikupaswa kuwepo. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa maziwa haya, iliyopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani Mei 1981, inayataja maduka waziwazi: hakuna punguzo, zawadi, sampuli wala kuyapanga makopo kwa namna ya kuvutia wateja. Tanzania ina kanuni zake tangu 1994, zikatungwa upya 2013, na tangu 2019 usimamizi wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hatuna pa kujificha.

Mwaka huu tumepita kwenye maduka yetu tukiondoa vibao na mabango. Wengi mlitupokea vizuri, nawashukuru. Wachache mliuliza mbona maduka makubwa bado yanatoa ofa. Ni kweli, yapo. Hata hivyo mama akiingia kwetu anamwona mtu wa dawa, na tukimpa kopo anadhani tumemshauri.

Sisemi tuache kuyauza. Wapo watoto waliofiwa na mama, na wapo akina mama ambao daktari amewazuia kunyonyesha. Hao tusiwaaibishe hata kwa jicho. Tuwauzie, tukae nao dakika tano: unga ule hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, kwa hiyo maji yachemke, yasiachwe zaidi ya nusu saa, yawe bado na nyuzi 70 au zaidi yanapotiwa unga, kisha maziwa yapoozwe kabla ya kumpa mtoto. Vijiko ni kama kopo linavyosema, bila kupunguza. Na aambiwe mapema atahitaji makopo mangapi kwa mwezi, ajue bei yote kabla maziwa yake hayajakauka.

Lipo na la kwetu kama waajiri. Wauzaji wengi kwenye kaunta zetu ni mabinti wanaonyonyesha. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Nimeuliza mabinti kadhaa; hawajawahi kuambiwa. Mimi mwenyewe nimeanza na wangu, na kijichumba cha stoo sasa kina kiti na pazia.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mpigie kura leo. La kwanza, mwanachama asipokee kamisheni inayohesabiwa kwa idadi ya makopo ya watoto aliyouza, wala asimwekee muuzaji wake lengo la kuyauza. Kanuni ya 1981 imelikataza hili kwa watu wa mauzo wa kampuni, nasi tulifuate. La pili, msambazaji akileta zawadi au kibao, mwanachama akatae na kumwarifu katibu ndani ya wiki, ili chama kiandike TBS kwa jina la chama, asibaki mtu mmoja akibishana na kampuni.

Karatasi za kura ziko kwa katibu.