Kopo la fomalini, bloku ya nta, na hela mnazotuuliza

Wiki iliyopita mama mmoja alisimama kaunta ya maabara yetu ya kupima vinyama vya wagonjwa, hapa Ngamiani, Tanga, risiti mkononi, sauti juu: "Mlisema uvimbe wa mume wangu si saratani. Sasa hela nyingine ya nini?" Si wa kwanza kuuliza.

Uvimbe ule ni meninjioma, huota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi ni mpole, ila hata ulio mpole huweza kurudi. Slaidi ya kwanza, yaani kioo chenye kipande chembamba cha uvimbe, inaonesha ni uvimbe wa aina gani na seli zinagawanyika kiasi gani: zikihesabiwa 4 hadi 19 katika maeneo 10 ya darubini, hilo ni daraja la 2 kati ya 3, na hatari ya kurudi inapanda. Kipimo kiitwacho Ki-67 hutia rangi ya kahawia seli zilizo mbioni kuzaana. Jeni nazo zina lake: kwa mwongozo wa WHO wa 2021, meninjioma yenye badiliko la jeni ya TERT huwekwa daraja la 3 hata kama kwa darubini imetulia. Majibu hayo, pamoja na kiasi cha uvimbe kilichobaki kichwani, ndiyo humsaidia daktari kupanga MRI ya kurudia na kuamua kuhusu mionzi. Kila kipimo kina kemikali yake na bei yake. Hatuoni haya kuitetea.

Kinachoniuma ni kubana matumizi mahali pasipofaa. Mzee mmoja wa Pangani alileta kinyama cha mkewe kwenye chupa ya maji ya nusu lita, fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, kidogo chini. Kiliingia kikiwa laini, kikakakamaa ndani. Ikabidi tuikate chupa kwa kisu. Nje kigumu kama mpira, katikati kimelegea kama uji. Fomalini inatakiwa iwe mara 10 ya kinyama, kwenye kopo lenye mdomo mpana. Darubini ilipata cha kusoma pembeni. Kipimo cha jeni kiligoma, akalipia mara ya pili, kikagoma tena. Kinyama kingine kingetoka wapi?

Na bloku ya nta, yaani kinyama kilichogandishwa ndani ya nta, msiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Tumeshapokea iliyolainika.

Yule mama nilimkalisha kwenye darubini, nikamwekea slaidi yetu ya kufundishia ya Ki-67. Akanyamaza, kisha akaanza kuhesabu vidoti vya kahawia kwa sauti.