Barua kwa mwanangu: zile santuri ulizozipanga Pasaka

Mbukwa mama,

Natumaini huko Mwanza mmeamka salama. Huku Dodoma mvua zimekata, upepo ndo umeanza na vumbi linaingia mpaka ndani ya kabati, na ndo maana naanza na hili la kabati kabla hata sijauliza habari za kazi wala za mjukuu wangu, utanisamehe.

Ulipokuja Pasaka ulikaa siku nzima pale sebuleni unafuta santuri zangu moja moja, mama ako ananiambia hata chai ilipoa. Nashukuru sana mwanangu, kuna nyingine zilikuwa hazijaguswa tangu tuhame Chang'ombe kuja huku Ipagala. Lakini umezipanga kwa alfabeti. Juzi nimerudi usiku kutoka kupiga muziki hotelini, si unajua kipindi cha Bunge hatulali, nikanyoosha mkono gizani pale kushoto kabisa nikijua nashika santuri ya babu yako, nikashika kitu kingine, nikakaa chini. Sijakasirika hata kidogo. Wewe ungejuaje, mi sijawahi kukuambia kwamba zile zilipangwa kwa jinsi zilivyonifundisha, kushoto ya kwanza kuniingia sikioni halafu unakwenda hivyo mpaka mwisho kulia.

Kushoto kabisa ni zile sita nzito za 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, za babu yako. Babu alikuwa fundi wa reli, alizinunua Dar, kwenye lebo utaona zimeandikwa GV na namba. Hizo ni nyimbo za Kuba, HMV, kampuni ya santuri ya Waingereza, walianza kuzileta Afrika miaka ya 1930 na watu wakazipenda haswa, hata mwanamuziki Salum Abdallah pale Morogoro masikio yake yalikulia humo humo, ndo mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyokuja kuwa Cuban Marimba. Babu Kispaniola hakujua lakini aliziimba zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tafadhali usiziwekee sindano ya LP, zile santuri kubwa za siku hizi za karibuni, mifereji yake ni mipana, sindano inayumba mle ndani na kuchimba, na ikikuponyoka inavunjika kama kigae. Moja ina ufa tangu 1974, ukiipiga inafanya tak, tak, tak, kila inapozunguka. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa ule ufa. Nilikuwa na miaka minane, sijashika ala yoyote, napiga kidole mezani kati ya tak na tak na babu ananiangalia tu hasemi kitu.

Zinafuata zile ndogo za 45, Morogoro Jazz na mpiga gitaa wao Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Nuta Jazz, Tabora Jazz. Upande mmoja unabeba dakika tatu nne basi, kwa hiyo wimbo unakatwa katikati, upande wa kwanza unapata kisa na maneno, unageuza, wa pili ndo gitaa la solo linaachiwa na chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, linaanza. Babu alipenda kisa, mi nilikuwa nasubiri ageuze. Nyingi zilichapwa Nairobi, kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa, mpya zikawa adimu kabisa, tukabaki na hizo hizo na RTD, Radio Tanzania. Chukua ile ya Mbaraka uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utaona pale solo inapoanza mifereji imekuwa ya kijivu. Ni mimi huyo. Nilikuwa narudisha sindano kwa mkono pale pale natafuta zile noti kwenye saksafoni ya kuazima, na shida haikuwa noti, shida ilikuwa pumzi, maana gitaa halihemi, Mbaraka anaenda tu na mi natafuta wapi nivute hewa bila kuikata sentensi yake. Mpaka leo watu wakiniambia Mzee unapiga kama unaongea, jua ni pale.

Halafu kumbuka kwetu jazz ilikuwa maana yake bendi, bendi yoyote ya dansi inaitwa jazz. Hii ya Wamarekani nimekuja kuisikia 1989, mwalimu mmoja wa misheni alikuwa anarudi kwao akaniachia boksi la LP kumi na moja. Nikatoa ya kwanza bila kuchagua, nikaweka, nikasikia mtu anaongea Kiswahili! Nikadhani ni redio ya jirani. Ndo hiyo Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano, wameirekodi New York 1960 sisi hata uhuru bado, maneno ya mshairi Mmarekani Langston Hughes na anayesema Kiswahili ni Mtanganyika mwenzetu Tuntemeke Sanga. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku 1964. Na aliyezipanga sauti zote za ala mle ni mwanamke, Melba Liston, mpuliza tromboni, na wewe nilipokupa lile tarumbeta ukiwa darasa la tano nilikuwa namuwaza yeye.

Pembeni yake ilikuwa ya mpiga piano Herbie Hancock ya 1971, yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, yeye Mwandishi, wa besi Mchezaji, wa drams Jabali, wa tarumbeta Mganga. Nilikaa nayasoma yale majina kwenye jalada kwa sauti, mwenyewe chumbani.

Ya mwisho ni ya mpiga saksafoni John Coltrane, Africa/Brass, 1961. Hii ilinisumbua karibu mwaka mzima. Ina besi mbili, na juu yake piano ya McCoy Tyner, na mkono wake wa kushoto unapiga sauti zilizoachana kama do na fa, do na so, wala hazitulii kwenye zile tamu za kanisani. Nilikuwa nahisi naijua ile sauti lakini siikumbuki ni wapi. Mwaka 1990 baada ya mavuno nikaenda Mvumi, jioni kina mama wakatoa ngoma za muheme, wamezibana mapajani, bibi yako anaanzisha na wenzake wanapokea, wa juu na wa chini wameachana hivyo hivyo, do na fa, do na so, nikasimama pale mwili unatetemeka. Ndo uimbaji wetu Wagogo, huo huo mwanamuziki wetu Hukwe Zawose aliouzungusha dunia na ala zake, ilimba na zeze, na mi nimeusikia tangu niko mgongoni mwa mama yangu. Kesho yake nikaazima redio kaseti, nikamrekodi.

Bibi alifariki wewe una mwaka mmoja. Sauti yake haipo popote pengine.

Sasa hiyo kaseti ilikaa mwisho kabisa kulia, baada ya Coltrane. Najua si santuri, mtu anayepanga kwa alfabeti lazima aitoe. Ni TDK nyeusi ya dakika 60, haina karatasi, upande wa A ina nukta ya rangi ya kucha nyekundu, mama ako ndo aliiweka. Nimetafuta kwenye boksi la kaseti za kwaya, haipo, nimetoa droo zote za chini ya tivii, haipo. Hebu kaa ukumbuke mama, uliishika, uliiweka wapi? Nipigie hata kama ni usiku.

Baba