Ng'ombe kutupa mimba: someni kabla ya maziwa ya jioni

Asalaam aleikum wanakikundi, za asubuhi.

Ng'ombe wa mwenzetu huku Pongwe ametupa mimba ya miezi saba. Nimefika jana: zalio halijatoka, harufu imejaa banda zima, na mbwa kashaanza kuburuta kile kindama. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu.

Sisemi ni brusela, ule ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba za mifugo na kuambukiza hata watu; daktari wa mifugo atachukua damu leo. Ila mimba kutoka kuanzia mwezi wa tano kwenda juu, tuishuku kwanza. Hasara yake haiishii kwenye ndama. Zalio linagoma, kizazi kinaoza, ng'ombe anapandishwa mara tatu nne hashiki, maziwa yanapungua. Wengine wanavimba magoti, dume anavimba korodani. Na mjue mama akishaipata anaweza kuzaa vizuri mwakani, mkadhani amepona, kumbe anaimwaga kwenye maziwa na kwenye maji ya uzazi.

Tafadhali msishike zalio kwa mikono mitupu! Vaeni glavu, lifukieni kwenye shimo refu, mwageni chokaa. Maziwa yachemke, hata ya mtindi. Najua wazee wetu hawapendi kusikia hilo. Mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma, amwambie daktari kwamba anafuga, asiishie kupima malaria tu.

Dume la kuazimana tulisimamishe mpaka majibu yatoke. Wenye mitamba ya miezi mitatu hadi minane niandikieni idadi, nimuulize daktari habari za chanjo.