Risala ya wanafunzi wa elektroniki kwa mgeni rasmi: kampuni ya vijenzi hukua vipi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu wapendwa,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika maonyesho yetu. Tunajua una majukumu mengi, na kukubali kwako kukaa na vijana wa elektroniki kumetutia moyo sana.

Mwaka huu kikundi chetu kilichagua swali moja la kujadili, nalo ndilo tunalokuletea badala ya orodha ya shughuli. Kampuni inayotengeneza vijenzi vya elektroniki, yaani kapasita (zinazohifadhi chaji ya umeme kwa muda), koili (waya uliozungushwa), rezista (zinazopunguza mkondo wa umeme), vihisi na betri ndogo, hukua kwa njia gani? Mnunuzi wa simu anajua jina lililoandikwa mgongoni mwa simu. Aliyetengeneza kapasita zilizomo ndani hamjui, na hana sababu ya kumtafuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugumu wa biashara hii uko kwenye bei. Kapasita ndogo ya kauri mara nyingi huuzwa chini ya senti moja ya dola ya Marekani. Simu janja ya sasa inaweza kubeba takriban 1,000 kati ya hizo, na gari la umeme hadi 10,000. Idadi hizo ni za kuvutia, lakini kila mwaka mnunuzi mkubwa hurudi mezani akitaka punguzo. Kampuni ikiendelea kuuza kijenzi kilekile kwa namna ileile, mapato yake yatashuka hata kama haijapoteza mteja hata mmoja. Kwa hiyo mtengenezaji wa vijenzi hana nafasi ya kusimama alipo. Anakua au anasinyaa.

Tulisoma habari za kampuni kadhaa, na iliyotushughulisha zaidi ni TDK ya Japani. Mwaka 1930, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tokyo, Yogoro Kato na Takeshi Takei, waligundua feriti. Hii ni kauri yenye tabia ya sumaku, inayopatikana kwa kuchanganya oksidi ya chuma na oksidi za metali nyingine, kisha kuchoma mchanganyiko huo kwenye tanuri. Faida yake ni kwamba haipitishi umeme kwa urahisi kama chuma. Ukitumia chuma kitupu kama kiini cha koili kwenye masafa ya juu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi sana kwa sekunde, mikondo ya umeme hujizungusha ndani ya kiini hicho na kugeuka joto la bure. Feriti hupunguza hasara hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1935 Kenzo Saito, mzaliwa wa mkoa wa Akita, alianzisha kampuni kwa shabaha ya kuutoa ugunduzi huo maabara na kuufanya bidhaa. Zingatia kwamba wakati huo soko la feriti halikuwepo. Kulikuwa na unga, tanuri na watu wawili waliojua kwa nini unga ule una manufaa.

Kilichofuata ndicho kiini cha risala yetu. Kampuni iliyojua kusaga oksidi ya chuma na kuidhibiti ilihamia kwenye kanda za sumaku, ambazo ni unga wa oksidi uliopakwa juu ya ukanda wa plastiki. Mwaka 1968 ilitoa kaseti ya SD iliyokuwa na ubora wa kutosha kurekodi muziki, wakati wengi waliichukulia kaseti kuwa chombo cha kurekodia sauti za mazungumzo tu. Wazazi waliopo hapa bila shaka wanazikumbuka kaseti za TDK. Kutoka kwenye sumaku ya kanda ikaingia kwenye vichwa vinavyosoma na kuandika data katika diski za kompyuta, na mwaka 1986 ikainunua SAE Magnetics ya Hong Kong iliyokuwa ikitengeneza vichwa hivyo. Mwaka 2005 ikanunua Amperex Technology Limited, inayojulikana kama ATL, kampuni changa ya betri za lithiamu iliyoanzishwa mwaka 1999 na watu waliowahi kufanya kazi SAE, akiwemo Zeng Yuqun.

Kwa mtazamo wa haraka, kaseti na betri ni vitu visivyo na undugu. Ukitazama kazi ya kiwandani unaona undugu huo waziwazi. Betri ya lithiamu hutengenezwa kwa kuchanganya unga na gundi, kuupaka kwenye karatasi nyembamba ya metali kwa unene ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho, kuukausha, kuukandamiza na kuukata. Kosa dogo la unene huharibu kanda, na huharibu betri pia. Sony, iliyoingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ioni mwaka 1991, nayo ilitegemea ujuzi wake wa kupaka kanda. Kwa maoni yetu, TDK ilifuata ujuzi wake popote ulipoweza kuuzwa, na ndiyo maana bidhaa zilibadilika sana huku watu wa kiwandani wakiendelea kufanya kazi wanayoielewa.

Tulibishana sana juu ya uamuzi wa mwaka 2007. Mwaka huo TDK iliuza biashara ya kanda na diski tupu zenye jina lake kwa kampuni ya Imation ya Marekani. Hebu fikiria uzito wake, Mheshimiwa. Kanda ndizo zilizolifanya jina hilo lifahamike majumbani duniani kote. Baadhi yetu walisema kampuni ilijikata mkono. Wengi walikubaliana na uamuzi, na sisi tulioandika risala hii tuko upande huo, kwa sababu soko la kanda lilikuwa likifa na fedha na wahandisi walihitajika kwingine. Mwaka uliofuata TDK ilichukua EPCOS ya Ujerumani, kampuni yenye mizizi katika Siemens, na kwa hatua hiyo ikapata wateja wa viwanda na magari wa Ulaya ambao ingetumia miaka mingi kuwazoea. Mwaka 2017 ikanunua InvenSense ya Marekani kwa takriban dola bilioni 1.3 ili kuimarisha vihisi vya mwendo, vile vinavyoijulisha simu kwamba imegeuzwa au inatikiswa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, mauzo yake yalivuka yeni trilioni 2, na zaidi ya nusu yalitoka kwenye bidhaa za nishati, hasa betri.

Mafanikio hayo yana upande wake wa pili, na haitakuwa haki kuuficha. Kampuni ambayo nusu ya mauzo yake ni betri, na ambayo sehemu kubwa ya betri hizo huingia kwenye simu, husikia maumivu kila watu wanapochelewa kubadilisha simu. Tena ujuzi hauna uzio. Mwaka 2011 Zeng Yuqun na wenzake walianzisha CATL huko Ningde, China, kwa ajili ya betri za magari, na leo ndiyo inayoongoza duniani katika betri hizo. TDK ilibaki na betri ndogo. Je, ilipaswa kung'ang'ania na zile kubwa? Hatukufikia mwafaka, na tungependa sana kusikia maoni yako baada ya chakula.

Kampuni ya pili ni Murata ya Kyoto, iliyoanzishwa na Akira Murata mwaka 1944. Hii ilichagua kuchimba zaidi ndani ya kijenzi kilekile kuliko kwenda pembeni kwenye bidhaa nyingine. Inashika takriban asilimia 40 ya soko la dunia la kapasita za kauri zenye matabaka mengi. Ndani ya kapasita kama hiyo kuna mamia ya matabaka ya kauri na metali yaliyopangwa kwa zamu, na unene wa tabaka moja la kauri unaweza kuwa chini ya maikromita moja. Septemba 2024 Murata ilitangaza kapasita yenye urefu wa milimita 0.16 na upana wa milimita 0.08. Kitu cha ukubwa huo huwezi kukiokota kwa vidole. Kauri yake kuu ni bariamu titaneti, na Murata huanza na unga wenyewe: huutengeneza, hubuni mchanganyiko, na hujitengenezea mashine nyingi za kazi hiyo. Hapo ndipo bei ya chini ya senti inapopata maana. Mshindani anaweza kununua kapasita ya Murata, kuivunja na kuipima. Kutokana na vipande vile hatajua unga ulisagwa vipi, wala tanuri lilipandishwa joto kwa mwendo gani na kwenye hewa ya aina gani. Siri imebaki kwenye mchakato, na mchakato hauuzwi pamoja na bidhaa.

Murata nayo imejaribu kununua. Mwaka 2017 ilichukua biashara ya betri ya Sony, na kwa miaka kadhaa biashara hiyo iliendelea kuiletea hasara. Hapa ndipo wanachama wetu wanaosema kwamba kukua kwa kununua ni suala la fedha tu walipopata jibu. TDK ilinunua betri, Murata ikanunua betri, na matokeo hayakufanana hata kidogo. Tofauti mojawapo ni kwamba ATL ilinunuliwa ikiwa changa, katika soko lililokuwa linapanda, na watu wake wakaachwa waiendeshe.

Yageo ya Taiwan ilipita njia nyingine kabisa, nasi tunaiheshimu. Ilikua kwa kutengeneza kwa wingi vijenzi vya kawaida ambavyo wakubwa wa Japani walikuwa wanaviacha. Uhaba wa kapasita ulipotokea mwaka 2018, wakati watengenezaji wa Japani wameshaelekeza nguvu kwenye magari na vijenzi vidogo zaidi, Yageo ilipandisha bei na kuvuna faida kubwa. Haikuitumbua faida hiyo. Mwaka 2020 ilikamilisha ununuzi wa KEMET ya Marekani, maarufu kwa kapasita za metali iitwayo tantalamu, na kwa hatua moja ikapata mlango wa wateja wa magari na viwanda.

Mlango huo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haufunguki kwa bei peke yake. Kijenzi cha gari hupimwa kwa masharti ya ubora wa vijenzi vya magari yaitwayo AEC-Q200: kinapashwa joto na kupozwa mara nyingi, kinatikiswa, kinawekwa kwenye unyevu. Kupita majaribio na kisha kumridhisha mtengenezaji wa gari huchukua muda mrefu. Ukishakubaliwa, hata hivyo, kijenzi chako hubaki kwenye muundo wa gari hilo kwa miaka, maana hakuna mhandisi anayependa kurudia majaribio yote kwa ajili ya kuokoa sehemu ya senti. Kwa mtengenezaji aliyechoshwa na simu zinazobadilika kila mwaka, huo ni utulivu unaostahili kusubiriwa.

Jambo moja zaidi kuhusu uhaba, kwa sababu limeziangusha kampuni nyingi. Vijenzi vinapoadimika, wanunuzi huagiza zaidi ya wanavyohitaji, tena kwa watengenezaji wawili au watatu kwa pamoja, wakihofia kukosa. Kiwanda huona maagizo yamejaa na hukimbilia kupanua. Jengo na mashine vinapokuwa tayari, wanunuzi wana akiba ya kuwatosha kwa miezi na maagizo yanafutwa. Tumejiridhisha kwamba kampuni imara ni ile yenye ujasiri wa kujenga wakati soko limelala na kujizuia wakati kila mtu anapiga simu. Kusema hivi ni rahisi, lakini kutenda kunahitaji akiba ya fedha na wenye hisa wavumilivu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mjadala huo ndio uliotufikisha kwenye maombi yetu. Katika mafunzo yetu tunaunganisha saketi vizuri, tunapanga bodi, tunaandika programu za kuendesha vidhibiti vidogo, na kazi za wenzetu utakazoziona mezani zinashuhudia hivyo. Lakini kijenzi chenyewe tunakipokea kikiwa kimeshatengenezwa, kama kitu kisicho na mwanzo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuchoma feriti. Kila kampuni tuliyoisoma ilianza na unga na joto, na sisi tunatamani kuanzia huko.

Tunaomba utusaidie kupata tanuri dogo la umeme linaloweza kufika nyuzi 1,300 za Selsiasi na kupandisha joto kwa mpangilio, mizani sahihi ya maabara, na mita ya LCR, yaani kifaa cha kupimia koili, kapasita na rezista. Kwa vifaa hivyo tutaweza kutengeneza viini vya feriti na kapasita za kauri za tabaka moja, tukazipima, tukaona zinavyobadilika tukibadilisha mchanganyiko. Hazitakuwa za kuuzwa. Zitakuwa za kutufundisha kwa nini kapasita mbili zilizotoka kwenye unga mmoja hazilingani.

Tunaomba pia, kwa nafasi yako miongoni mwa wahandisi na wenye viwanda, utuombee nafasi za mafunzo kwa vitendo katika idara za ukaguzi wa ubora, ambako kosa la mchakato huonekana kabla ya kumfikia mteja. Na kama kuna kiwanda kinachotupa vijenzi vilivyokataliwa kwenye ukaguzi, tunaomba vitupwe kwetu. Tutavikata, tutavitazama kwa darubini, na tutakuandikia ripoti ya kila kasoro tutakayoipata na chanzo tunachodhani kimeisababisha, ili wahandisi wa kiwanda hicho watuambie wapi tumepatia na wapi tumekosea.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa kikundi cha elektroniki