Risala kwa Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mafunzo ya Kutafuta Visababishi Kwenye Takwimu za Afya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waganga wakuu wa wilaya,
Wakufunzi wetu,
Wauguzi, wakunga na watunza takwimu wa vituo,
Mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutufungia mafunzo haya. Kwa siku zote tulizokaa darasani tumekuwa na swali moja: tukiona waliotumia dawa wana hali nzuri kuliko wasioitumia, tutajuaje kwamba ni dawa iliyofanya kazi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uzito wa swali hili ulionekana hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini na homa kali, mikono ya baridi na mapigo ya mbio alionekana anastahili mkupuo wa maji ya mshipani, mengi na kwa haraka. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, liliandikisha watoto 3,141 wa namna hiyo Kenya, Uganda na Tanzania. Kituo cha upande wetu kilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza. Watoto wa kuharisha, wa utapiamlo mkali na wa majeraha ya moto hawakuingizwa. Kura ya bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apate mkupuo wa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, nani wa maji ya chumvi, na nani asipate mkupuo. Baada ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa mkupuo. Kwa kila watoto 100, mkupuo uliongeza vifo kama 3.

Jambo linalotugusa zaidi ni kwamba katika saa ya kwanza dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri mwilini, zilipungua zaidi kwa waliopewa mkupuo. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kuwa maji yanasaidia, na asingekuwa anasema uongo. Alichokiona ni kweli. Asichoweza kukiona ni mtoto huyo huyo angekuwaje bila mkupuo. Kura inatupa picha hiyo kwa kutengeneza makundi yanayofanana, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyeyapima.

Lakini si kila kitu kinapigiwa kura. Hatuwezi kumnyima mjamzito dawa iliyokwisha kuthibitishwa ili tujifunze. Hapo ndipo tunaporudi kwenye daftari, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kanuni tuliyofundishwa ni hii: kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye karatasi jaribio ambalo ungelifanya kama ungeruhusiwa. Nani angeingia, angepewa nini badala ya nini, saa ingeanza kuhesabiwa siku gani, ungemfuatilia hadi lini. Kisha liige jaribio hilo kwa kumbukumbu ulizo nazo.

Tuchukue SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito. Hutolewa kuanzia muhula wa pili wa ujauzito, dozi moja hadi nyingine ikipishana kwa mwezi mmoja au zaidi, lengo likiwa dozi 3 na kuendelea. Ukifungua daftari la wodi ya wazazi ukalinganisha uzito wa watoto wa akina mama wa dozi 4 na wa dozi 1, utapata tofauti kubwa ya kupendeza. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya uongo. Mama aliyejifungua wiki ya 29 huenda hakufikia hata zamu ya dozi ya 4. Mtoto wake ni mdogo kwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na dozi zake ni chache kwa sababu hiyo hiyo. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio 7 ya kura, uliochapishwa mwaka 2013, ulipata tofauti ya wastani wa gramu 56 kati ya dozi 3 au zaidi na dozi 2. Faida ipo, na ni ya kweli. Anayeleta gramu 400 kutoka kwenye daftari amepima urefu wa mimba.

Dawa ya kosa hili ni kuanza saa mahali pamoja. Chagua wiki, tuseme ya 28. Waingize akina mama wote ambao bado wana mimba wiki hiyo, wameshapata dozi 2, na mwezi umepita tangu ya pili. Linganisha waliopewa ya 3 katika hudhurio hilo na wasiopewa, uwafuate wote kuanzia siku hiyo. Mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi, hapewi SP, kwa hiyo hana mwenzake wa kulinganishwa naye; aondolewe tangu mwanzo, asiachiwe kompyuta imbunie mwenzake.

Bado kuna jambo la tatu linalovuta pande zote mbili, dozi na uzito wa mtoto: anayehudhuria vizuri pengine pia anakula vizuri na analala ndani ya chandarua. Kwa hili tulijifunza kupima kwa mizani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, jambo hilo ni umbali, na kati ya akina mama 100 wanaokaa mbali na kituo, 20 tu walipata dozi ya 3. Kila mmoja wa hao 20 atahesabiwa mara 5, asimame badala ya wote 100. Na kila mmoja wa wale 80 waliokosa atahesabiwa mara 1.25. Wanaokaa karibu na kituo wapimwe vivyo hivyo kwa idadi zao. Baada ya hapo umbali hauwezi tena kuelezea tofauti ya makundi. Mizani hii huharibika pale aliyepata dozi anapokuwa mmoja kati ya 100, kwa sababu mtoto wake mmoja atabeba uzito wa watu 100 na kuyumbisha jibu lote. Inaharibika pia mchambuzi anaporekebisha kwa jambo lililotokea baada ya dawa. Ukitaka kujua kama SP inapunguza vifo vya watoto wachanga, usirekebishe kwa uzito wa kuzaliwa. Uzito ni njia ambayo dawa inapitia, nawe utakuwa umeifunga.

Na kuna nafasi tusiyoitumia. Siku SP ilipoisha stoo, mama aliyefika alikosa dozi bila kosa lake wala uamuzi wa muuguzi. Siku hizo zinakaribia kuwa kura. Sharti ni kuhakikisha kwamba vyandarua na vidonge vya madini ya chuma havikuisha siku zile zile, la sivyo tutaisingizia SP kazi ya vingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa haiko kwenye programu za kompyuta. Iko kwenye kisanduku kitupu. Kisanduku cha SP kikiwa wazi, hatujui kama mama hakupewa au kama alipewa na mkono wa muuguzi ukachoka kuandika. Mahali pengine tunakuta tiki badala ya tarehe, na umri wa mimba usioonyesha kama umetokana na hedhi ya mwisho, kimo cha tumbo au ultrasaundi. Hakuna hesabu inayoweza kurudisha kilichokosekana hapo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vituo vichache vya mkoa viruhusiwe, kwa miezi 6, kuandika tarehe ya kila dozi, na dozi isipotolewa iandikwe namba ya sababu: 1 dawa imeisha, 2 mama amekataa, 3 yuko kwenye kotrimoksazoli, 4 muda bado. Namba ya kadi ya kliniki ya mama inakiliwe pia kwenye daftari la wodi ya wazazi, ili kumbukumbu zake zikutane. Na leja za stoo zihifadhiwe hadi mwisho wa miezi hiyo, zikionyesha siku dawa ilipoisha na siku iliporudi. Kalamu na daftari tayari vipo vituoni. Kinachosubiriwa ni kibali chako.

Tunaomba kuwasilisha.