Harambee ya kumtafuta nyoka mwenye pembe wa Usambara

Wazazi wetu, ndugu na wana-Tanga wote mlio mbali na nyumbani, shikamooni.

Sisi walimu na wanafunzi wa klabu ya mazingira, sekondari ya huku tarafa ya Amani, Muheza, tunaomba mtuchangie shilingi 3,800,000 tuchore ramani ya mahali anapoweza kuishi Atheris ceratophora. Nyoka huyu yuko Tanzania tu, kwenye misitu ya milima kama Usambara, Uluguru na Udzungwa. Ni mdogo, kama nusu mita hivi. Usiku wa mvua hukaa kichakani usawa wa goti, mkia umekamata kijiti, akivizia chura. Pembe zake ni magamba yaliyosimama juu ya macho. Kwa kweli ni mzuri!

Tatizo ni kwamba huonekana kwa nadra, na aghalabu kando ya njia, maana ndiko watu wanakopita. Iko programu ya kompyuta ya bure, Maxent, inayotazama mvua, joto na mwinuko wa pale alipoonekana, kisha inaonyesha kwingine kunakofanana na hapo. Lakini tukiilisha taarifa za kando ya njia peke yake, itatuchorea ramani ya njia, si ya nyoka. Na hata ikisema mahali panamfaa, haijasema yupo. Lazima watu waingie msituni wakahakikishe.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani inalindwa tangu 1997. Roho zetu ziko kwenye vile vipande vya msitu vilivyobaki nje yake, katikati ya chai na iliki. Kijiji kikijua kina nini, kitaamua vizuri pa kulima na pa kuacha.

Fedha zitanunua vipima-mahali (GPS) viwili, tochi za kichwani na buti, zitalipia vibali, na posho ya wazee wanaoufahamu msitu. Usiku watakwenda watu wazima pekee; wanafunzi watafanya kazi ya kompyuta. Hakuna atakayemshika nyoka. Gari la dharura litakodiwa kila safari, na fungu hilo hatulipunguzi hata senti, kwa sababu sumu yake haina dawa yake mahususi. Mahali hasa atakapoonekana hatutapatangaza, maana wako wanaowakamata nyoka wa jamii hii na kuwauza nje.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Kila mchango una stakabadhi, na mapato na matumizi yatabandikwa ubao wa matangazo. Mwenye kompyuta ya zamani inayowaka, tunaipokea kwa mikono miwili.