Unataka Turbo Kwenye Impreza ya Zamani? Tuanze na Giaboksi

Swali linalotufikia sana gerejini ni hili: "Fundi, nina Impreza ya 1.5 fowili, bodi bado safi, haina kutu. Nikifunga injini ya turbo itakubali?"

Kukubali itakubali. Injini za Subaru za familia ya EJ ni ndugu wa damu. Ile ya 1.5 isiyo na turbo na EJ20 (ya lita 2) ya turbo zinakaa sehemu ileile ya gari, na fundi anayezijua hahangaiki sana kushusha moja na kupandisha nyingine. Ndiyo maana wengi huanza na injini. Wanainunua, wanaifunga, wanafurahi, halafu baada ya muda wanarudi na gari limebebwa. Injini ni nzima. Kilichokufa ni kitu kilicho nyuma yake.

Tazama namba kwanza. WRX, yaani Impreza ya turbo, ya kwanza ya mwaka 1992 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 240 na Nm 304 za kuzungusha. Impreza ya 1.5 ya zama hizo ilikuwa na farasi 100 hivi. Na nguvu hiyo haifiki kwenye magurudumu ilivyo: gia ya kwanza huizidisha kama mara tatu na nusu, difu ikaizidisha tena mara nne na kitu. Kwa hiyo Nm 300 zilizotoka kwenye injini zinafika kwenye draivu shafti zikiwa zimepita 4,000. Meno ya gia yaliyotengenezwa kwa ajili ya injini ndogo ndiyo yanayobeba mzigo huo.

Hapo ndipo fowili inapotofautiana na gari la kuvuta magurudumu mawili. Gari la magurudumu mawili likizidiwa nguvu, tairi zinateleza, na kule kuteleza kunaviokoa vyuma. Fowili inashika ardhi kwa tairi zote nne. Ukiachia klachi ghafla kwenye lami kavu hakuna kinachoteleza, na nguvu yote inatafuta palipo dhaifu. Kwenye Subaru hizi, palipo dhaifu ni giaboksi ya gia tano. Hata za turbo zenyewe zinajulikana kwa kukatika meno zikiendeshwa kwa fujo, seuze ile iliyokuja na injini ya 1.5.

Kwa hiyo mteja akija na hela ya injini tunamuuliza hela ya giaboksi iko wapi. Si kwamba tunataka kumuuzia vitu viwili. Giaboksi ya gia tano kutoka kwenye gari la turbo inamtosha mtu anayeendesha kwa staha na kubaki na nguvu za kiwandani. Anayetaka kupandisha nguvu zaidi ya hapo, au anayejijua mguu wake mzito, atafute ya gia sita iliyokuja na STI, ile Impreza ya turbo iliyo kali zaidi. Ni nzito na ni ghali, lakini ukishaifunga hutaiwaza tena. Usisikilize maneno ya muuzaji, soma kibandiko kilicho juu ya nyumba ya klachi: za manyuo zinaanza na TY, za otomatiki TZ, na ile ya gia sita inaanza na TY85.

Klachi nayo ina mtego wake. Impreza nyingi za zamani zisizo na turbo zinatumia klachi ya kusukuma (beringi inaisukuma ili iachie), na baadhi pedali yake inafanya kazi kwa kebo. Nyingi za turbo za gia tano zina klachi ya kuvuta (beringi inaivuta ili iachie) inayofanya kazi kwa mafuta. Ukibadilisha giaboksi, jiandae kubadilisha na pampu ya juu, pampu ya chini, paipu yake na pedali. Kuna wanaotuomba klachi ngumu kuliko zote sokoni. Kwa gari la barabarani tunawakatalia. Klachi inayoteleza kidogo ukiizidishia ni kama fyuzi, inaungua yenyewe ili giaboksi ipone.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo limeua giaboksi nyingi nzuri: difu zisizolingana. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, ya nyuma iko peke yake, na propela shafti inaziunganisha. Zikitofautiana hesabu (shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi), magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka. Mbele 3.90 na nyuma 4.11 ni tofauti ya asilimia tano na ushee. Anayeumia kwanza ni difu ya kati, iliyo kwenye giaboksi na inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ndani yake kuna sahani zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni, na zikizungushwa bila kupumzika mafuta yanapata joto, yanakaza, na gari linaanza kujifunga.

Tuliwahi kupokea gari la namna hiyo. Mwenyewe alidhani breki zinashika, kwa sababu kila akikata kona ya kuegesha gari linajikaza na tairi zinalia. Breki zilikuwa salama kabisa. Tulipofungua oili ya giaboksi ilitoka nyeusi na inanuka kuungua, na difu ya nyuma ilikuwa bado ile ya gari la zamani.

Kuipima difu ya nyuma ni kazi ya dakika chache. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, yakae kwenye stendi, si kwenye jeki. Fungua propela upande wa difu, weka alama ya chaki kwenye flenji (kisahani cha difu inapofungwa propela) na kwenye tairi moja. Mwenzako ashike tairi la pili lisizunguke, wewe zungusha lako mizunguko 20 huku unahesabu flenji. Ikizunguka mara 39, ni difu ya 3.90. Ikizunguka 41 na kidogo, ni 4.11. Ikifika 44 na ushee, ni 4.44. Ukikuta tairi zote mbili zinazunguka kwa pamoja upande mmoja, hiyo ni difu yenye kishikio (inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake), basi zungusha mizunguko 10 tu, hesabu ni ileile.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Zipo giaboksi za turbo zenye 3.90 mbele na zinazodai difu ya 3.545 nyuma. Mtu anaona namba hazilingani, anakwenda kutafuta difu ya nyuma ya 3.90, anaharibu. Giaboksi hizo zina gia ya ziada ya 1.1 inayopeleka nguvu nyuma, na 3.545 ukiizidisha kwa 1.1 unapata 3.90. Ukinunua giaboksi, chukua na difu ya nyuma ya gari hilohilo. Mabishano yanaisha.

Tukiwa hapo nyuma: gari nyingi zina difu ya R160, STI zina R180. Namba hiyo ni kipenyo cha gia kubwa ya ndani kwa milimita. R160 inastahimili nguvu za kawaida za turbo. R180 inahitaji na draivu shafti zake, kwa hiyo usiinunue kavu.

Tairi pia zihesabu humo humo. Nne za aina moja, saizi moja, zilizolika sawa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi milimita 6 hivi. Tairi moja mpya na tatu zilizochakaa zinaitesa difu ya kati sawa na difu zisizolingana.

Breki hatuzijadili, tunazifunga. Kaliper za pistoni nne mbele zinatosha kwa nguvu za kiwandani. Brembo za STI ni nzuri, ila zinataka rimu za inchi 17. Na angalia nafasi za bolti: Impreza hizi ni 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100), wakati STI kuanzia 2005 ni 5x114.3, hivyo si kila rimu utakayopenda itaingia.

Kwenye injini yenyewe, badilisha taimingi belti, wota pampu na sili ya nyuma ya krenki injini ikiwa bado iko chini. Krosimemba ya mbele (chuma kinachobeba injini) iwe ya turbo, maana ile nyingine haiachi nafasi ya bomba la kupandisha moshi kwenye turbo. Rejeta na pampu ya petroli ziwe za turbo pia. Wayaringi na kompyuta vitoke gari moja na injini, vya kuunganisha vipande vipande vinakula siku nyingi kuliko vyuma vyote. Ikiwa injini imetoka Japani, imepangwa kwa petroli ya oktani 100. Ukiitilia ya chini bila kupanga upya kompyuta, itaanza kugonga, pistoni zitapasuka pale zinapokaa ringi, na utaambiwa injini imenoki kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati.

Ukijumlisha haya yote, mara nyingi ni nafuu kununua gari zima la turbo lililogongwa ubavu kuliko kukusanya spea dukani moja moja. Tunasema ubavu makusudi: lililogongwa mbele litakupa injini ya mashaka, la nyuma difu ya mashaka.

Badiliko la injini lina taratibu zake za usajili, ukaguzi na bima, zijue kabla gari halijafunguliwa. Na ukija kwetu kuomba makadirio, tuletee picha ya kibandiko cha giaboksi uliyonayo, saizi ya tairi, aina ya petroli unayotumia kila siku, na utuambie ukweli unavyoendesha. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua kama tunakufungia gia tano au sita.